Kwa Baiskeli ya Shemeji, Kisangani

Daktari aliniambia goti langu litapona nikiendesha baiskeli kila siku, mahali pasipo mlima. Jamani, kwetu Butembo mahali hapo ni wapi? Hata kwenda chooni ni kupanda. Basi nikaamua kwenda Kisangani kwa dada yangu Zaituni, maana nilisikia huko ardhi ni tambarare kama meza. Nilikuwa na sababu nyingine pia. Mumewe, mchuuzi wa samaki, alikuwa ameondoka kwa mtumbwi miezi minne nyuma na hajarudi. Zaituni aliniandikia kwamba hatakaa eda mpaka apate habari ya hakika.

Siku ya tatu ya safari lori lilipita Bafwasende, msitu umeziba mbingu. Siku ya nne nikashushwa Kabondo, mtaa wa dada huko Kisangani, vumbi hadi kwenye kope. Dada alinipokea kwa kitenge chekundu na kicheko, akanionyesha baiskeli ya kijani ya shemeji.

"Panda, kaka. Ikikaa bure itaota kutu, na mwenyewe akirudi atanigombeza."

Asubuhi ya kwanza niliufuata mto mkubwa hadi kwenye maporomoko. Njia nafuu kabisa: kivuli, maji upande mmoja, goti halikulalamika. Wavuvi walikuwa juu ya miti waliyoisimika majini, wakiteremsha migono, mitego yao mikubwa ya samaki, na kuitana kwa kelele. Walipoiona baiskeli wakanyamaza. Nikasalimu, hakuna aliyeitika. Mmoja mmoja wakanipa mgongo. Nilijiambia labda ndiyo tabia ya watu wa mjini.

Kesho yake nilikwenda Tshopo, ule mto mdogo wa kaskazini. Ile habari ya meza ni uongo mtupu: pale unashuka ukicheka na kupanda ukisukuma. Lakini ukikaa chini ukatazama povu, utasamehe. Wanawake waliobeba mihogo waliniona nikija, wakaingia majanini na kuinamisha macho mpaka nikapita. Ng'ambo, ngoma ya gogo ikalia, ikanyamaza. Nyingine ikajibu mbele yangu, kule nilikokuwa nikielekea. Nikageuza baiskeli.

Siku ya tatu nilivuka kwa pantoni hadi ukingo wa kushoto. Kijia cha mchanga chini ya michikichi, hakuna hata kichuguu, raha tupu. Katika kijiji cha kwanza sikuona mtu, ila moto ukiwaka na chungu kikichemka. Nilishikwa na hofu, na hofu ikinishika mimi huwa mkali. Nikapaza sauti: "Nimewakosea nini?"

Mama mmoja akatoka ndani, mikono imejaa magamba ya samaki.

"Papa, weye iko nani kwa ule mwanamuke wa Kabondo?"

"Kaka yake, tumbo moja."

Akaioneshea kidole baiskeli. "Ile velo iko ya mufu. Maji ilimubeba. Tulimupata, tukamuzika huku."

"Na mkewe hamkumwambia?"

"Ngoma ilimwambia! Siku mbili ilipiga, Kisangani yote ilisikia. Bon, habari ya lufu, ya mutu kufa, ngoma ikishasema, kinywa haimwambie mujane tena. Njo desturi yetu. Donc tulingojea alie. Tukaona anavaa nyekundu, anacheka. Na sasa mwanaume anapanda velo ya bwana yake."

Nilitaka kumgombeza, kisha nikaelewa. Zaituni hajui lugha ya ngoma. Sisi watu wa milimani tunasikia mdundo tu. Mji mzima ulijua dada yangu ni mjane, isipokuwa yeye. Yule mama akanipeleka kaburini, nikasoma Fatiha.

Alasiri nilimkuta dada uani akitwanga pondu, mboga ya majani ya mihogo.

"Barabara ilikuwa muzuri, kaka?"

Nikamweleza yote. Aliulaza mchi chini, akakaa kando yake.

"Ile ngoma niliisikia," alisema. "Nilifikiri iko arusi. Nilicheza hapa hapa, majirani wakiniangalia."

Nililia mbele yake, sioni haya kusema.

Nilikaa naye hadi eda ilipokwisha, kisha nikarudi Butembo. Goti limepona. Mwenye goti bovu akiniuliza, njia ya ukingo wa kushoto inazipita zote kwa uzuri. Ila siku hizi, popote nisikiapo ngoma, nashuka baiskeli na kuuliza inasema nini, hata nikimwona bibi harusi kwa macho yangu.