Anapiga Pasi Majoho ya Wahitimu, Cheti Chake Kimefungiwa Kabatini

Saa moja na robo asubuhi, Ijumaa, na bega la Mama Pasi tayari linauma. Anatandaza joho jeusi juu ya meza, analifunika kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo anashusha pasi. Mvuke unapanda. Anahesabu hadi nne kimoyomoyo, anainua, anasogea.

"Ukilipiga bila kitambaa linang'aa kama mgongo wa mende," anasema. "Mtu kasoma miaka mitatu, halafu apige picha kama mende?"

Kesho ni mahafali. Majoho yote ni mia nne na kumi na mawili. Yamebaki thelathini na moja. Kila moja linampa shilingi mia tatu.

Kwenye dirisha la stoo ya chuo anatokea mhitimu mmoja, mrefu, mwenye haraka zake. Anataka majoho mawili, lake na la rafiki yake aliyekwama kwenye foleni ya picha. Anavuta daftari, anaweka sahihi, kisha kalamu inashuka mstari wa pili. Mama Pasi anafunika mstari ule kwa kiganja.

"La mwenzako atasaini mwenzako."

"Dada, ni joho tu. Si hati ya nyumba."

"Hata ingekuwa kifungo cha joho. Aje mwenyewe, na mkono wake."

Mhitimu anacheka, anachukua lake na kuondoka akinung'unika kwamba stoo hii ina sheria kali kuliko benki. Hajui kwamba mwanamke aliyemzuia hana cheti kwa sababu ya mstari mmoja kama huo.

Cheti chenyewe kipo. Kiko hatua themanini kutoka kwenye meza hii, ndani ya kabati la chuma katika ofisi ya uhasibu: stashahada ya maabara, jina lake limeandikwa kwa wino mweusi. Mhasibu alimwonyesha mara moja, mwaka jana, kisha akakirudisha na kugeuza ufunguo.

"Nilijiona kama mzazi aliyeonyeshwa mtoto wake kupitia kioo cha wodi," anasema. "Unaona ni wako. Kumbeba, hapana."

Alisoma kwa mkopo. Kila muhula, ofisi ya mikopo ilituma ada ya laki sita na elfu arobaini chuoni, na mwanafunzi alipewa siku tatu za kusaini orodha kwamba ameipokea. Asiyesaini, fedha zake zinarudi zilikotoka.

Muhula wa nne, siku hizo tatu zilimkuta wodini. Uchungu ulimshika siku ya kwanza, binti yake akazaliwa siku ya pili, na siku ya tatu alikuwa bado hawezi kuketi vizuri. Jioni akaja mwenzake wa chumba, msichana anayeitwa Kidoti kwa ajili ya alama iliyo shavuni. Alileta soksi za mtoto na habari njema. Alimwinamia sikioni akamwambia asihangaike, ameshamsainia.

"Nilimshukuru mpaka nikalia," anakumbuka. "Ningekuwa na kuku ningemchinjia."

Miezi miwili baadaye, chuo kiligundua kuwa mwenye jina lililosainiwa alikuwa na ruhusa ya kujifungua siku ile ile. Barua ya ruhusa alikuwa ameiandika mwenyewe. Fedha zikarudishwa zilikotoka. Lakini ofisi ya mikopo ilikuwa imekwisha kupokea orodha yenye sahihi, na kwenye vitabu vyake ikaandika kwamba amechukua.

Tangu hapo anavutwa huku na huku. Chuo kinamdai ada ya muhula ule. Ofisi ya mikopo inamdai mkopo wa muhula ule ule, na kila mwisho wa mwezi simu yake inalia kwa ujumbe unaomwita "mdaiwa".

"Nadaiwa mara mbili pesa ambayo sikuiona hata rangi," anasema, pasi ikiwa hewani. "Nilipiga hesabu ya kuilipa kwa kazi hii. Ni majoho elfu mbili mia moja thelathini na matatu, na mkono mmoja wa joho jingine. Na mahafali ni mara moja kwa mwaka."

Siku nyingine anafua mapazia ya mabweni. Mumewe ni kibarua wa ujenzi, na kinachopatikana kinaishia kwenye kodi na maziwa.

Alipoitwa na kuulizwa ni nani aliyemsainia, alijibu neno moja: sijui. Faili likaandikwa kuwa linachunguzwa, na uchunguzi ukalala humo kwa miaka miwili na nusu.

Kidoti yeye alihitimu, akapata kazi katika maabara ya hospitali ya binafsi. Hakumtupa mwenzake. Alileta nepi, akaleta sabuni, mtoto alipoanza kutembea akaleta viatu. Kitu kimoja tu hakukileta, na Mama Pasi hakukiomba. Walizungumza habari zote za dunia, wakaizunguka sahihi ile kama watu wanaozunguka shimo njiani.

Mama yake mzazi, anayeshinda na mjukuu, ndiye aliyekuwa akilisema jambo hilo. Wiki hii alilisema tena, akichambua mchele bila kuinua macho. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtoto umembeba mgongoni, sawa. Huyo Kidoti utambeba mpaka lini?"

Swali hilo lilimpata pabaya, kwa sababu Jumatatu kituo cha afya kilimpigia simu. Kuna nafasi moja ya mtaalamu wa maabara, na katika usaili alikuwa wa kwanza. Mganga mkuu hakumficha: nafasi itamngoja hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Asipofika na cheti, au barua ya chuo yenye muhuri, anaitwa wa pili.

Alikwenda kwa mhasibu mchana ule ule, na akapewa njia mbili. Alipe ada yote, au aliyesaini aje aseme kwa kinywa chake na aandike kwa mkono wake. Maelezo ya Mama Pasi peke yake yatapokelewa, lakini yatasubiri aliyetajwa aitwe na ahojiwe, na hilo haliwezi kuisha kabla ya Ijumaa.

Jumatano akampigia Kidoti. Kidoti akasema yuko zamu, atapiga. Hakupiga.

Alhamisi akamtumia ujumbe wa sauti. Anausikilizisha hapa stoo, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Sauti ni yake, tulivu kuliko uso wake. "Kesho saa nne naingia kwa mhasibu. Nitasema yote, na jina lako limo. Sikutishi, mwenzangu. Sikutaka uje uyasikie kwa watu."

Ujumbe ulisikilizwa. Jibu halikuja.

"Namwelewa," anasema. "Ana miezi minne tu tangu apewe mkataba wa kudumu. Mkuu wake akisikia neno kughushi, nani atamwachia chupa za damu za watu? Mimi nilinyamaza nisimharibie. Sasa nikinyamaza namharibia binti yangu."

Saa nne inafika. Mama Pasi anaitazama simu, anachukua joho jingine. Saa nne na robo, jingine. Anarudia kola moja mara tatu. Saa nne na nusu anachomoa pasi ukutani, anafungua droo na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni maelezo yake. Ameyaandika upya mara tano, na mara zote tano kalamu imekwama penye jina la Kidoti.

Anapita uani, anapanda ngazi, anaingia kwenye ukumbi mwembamba wa uhasibu. Mbele ya mlango kuna benchi, na kwenye benchi ameketi mwanamke aliyevaa koti jeupe la maabara, mkoba mapajani, alama nyeusi shavuni.

Mama Pasi anasimama.

"Umefika saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili, na hukuja stoo?"

"Ningekuja stoo ungenionea huruma," Kidoti anasema. "Ungenionea huruma ningeondoka. Nimekaa hapa nauangalia mlango. Nimeusoma ule ubao wa saa za kazi mpaka nimeukariri."

"Kazini umewaambia nini?"

"Kwamba naumwa tumbo. Na si uongo."

Mama Pasi anaketi pembeni yake. Anaikunjua karatasi, anaitazama, anaikunja tena na kuitia mfukoni. Kisha anamshika mwenzake mkono, wanainuka pamoja.

Mhasibu ni mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Anamsikiliza Kidoti bila kumkatiza. Anafungua faili, anatoa orodha ya muhula ule, anaiweka kifudifudi. Anasukuma karatasi tupu mbele ya Kidoti na kumwambia aandike sahihi ile, kama alivyoiandika siku ile.

Kalamu haikwami. Mkia mrefu mwanzoni, kitanzi, mstari chini. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo.

Kisha mhasibu anamgeukia Mama Pasi aandike ya kwake. Yeye sahihi yake imechakaa. Miaka hii ya mtoto na mapazia imekata ule mkia, na kitanzi kimekuwa nukta. Mhasibu anaigeuza orodha na kuziweka zote pamoja mezani. Ya orodhani na za Kidoti ni mapacha. Ya mwenye jina inaonekana mgeni.

"Unaijua kuliko mimi," Mama Pasi anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nakusainia hata vitabu vya maktaba," Kidoti anajibu, na hapo machozi yanamtoka.

Mhasibu anavua miwani. Anawaeleza mambo yalivyo, bila kupaka sukari. Shauri litakwenda kwenye kamati mwezi ujao. Kidoti huenda akapewa onyo, huenda akatozwa faini. Kama barua itafika kazini kwake, hilo hawezi kulisemea. Cheti hakitoki kabla ya kamati kukaa. Anachoweza kutoa leo ni barua kwamba mwanafunzi huyu alimaliza masomo na alifaulu, na kwamba ada ya muhula wa nne ilirudishwa bila yeye kuigusa.

Barua inaandikwa kwa dakika kumi. Muhuri unachukua saa mbili na nusu, kwa sababu umefungiwa kwa makamu mkuu wa chuo, naye yuko uwanjani anapanga viti vya kesho. Wanawake hao wawili wanaketi kwenye benchi lile lile. Saa saba. Saa saba na nusu. Kidoti anamwuliza mtoto ana meno mangapi sasa. Anaambiwa meno yametimia, na anayatumia kumng'ata bibi yake.

Saa nane kasoro dakika tano, muhuri unagonga karatasi. Kutoka hapo hadi kituo cha afya ni mwendo wa dakika arobaini kwa pikipiki. Mama Pasi anafika saa tisa kasoro robo, viatu vimejaa vumbi, barua imebanwa kifuani ndani ya bahasha ya risiti za majoho. Mganga mkuu anaisoma mara mbili, anautazama muhuri kwenye mwanga wa dirisha, kisha anamwuliza kama anaweza kuanza Jumatatu. Amempa miezi mitatu ya kuleta cheti chenyewe.

Jumamosi asubuhi yuko stoo tena, maana majoho kumi na saba yalibaki na aliyaahidi. Mihula mingine mitano ya mkopo, milioni tatu na laki mbili, anasema atailipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. "Hiyo niliisomea mwenyewe. Siikatai." Na faini ya Kidoti, kama itakuja? "Tutaigawana. Tulilala kitanda kimoja miaka miwili, faini itatushinda?"

Kidoti yuko upande wa pili wa meza, hana zamu leo, anafunga vifungo. Mhitimu wa jana amerudi na rafiki yake, naye rafiki amesaini mwenyewe. Wanapoondoka, Mama Pasi anamwambia mwenzake afungue ukurasa wa mwisho wa daftari, ule wa kuweka nafasi kwa mahafali ya mwakani. Safari hii anajiwekea mwenyewe: joho namba sitini na nne, fupi, lisilopwaya mabegani.

Kidoti anaufungua na kuchukua kalamu. Anamtazama mwenzake, pasi mkononi, mvuke usoni.

"Mikono yako imejaa," anasema, na alama shavuni inacheza. "Nikusainie?"

Mama Pasi anaiweka pasi chini. Anafuta kiganja kwenye gauni, anaunyoosha ule ukurasa, na anasaini taratibu, ule mkia mrefu wa zamani ukiwa umerudi.