Darubini ya Dada na Meza ya Kukatia Jinzi

Dada yangu ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo mimi naongea kwa niaba yetu sote wawili. Imekuwa hivyo tangu utotoni. Akionewa dukani, anayegomba ni mimi. Akichokozwa njiani, anayerudi kuuliza "umesemaje?" ni mimi. Ndiyo maana siku aliponipigia simu huku Guangzhou, China, akaongea mfululizo bila mimi kupata pa kuchomekea neno, nilijua kuna jambo.

Dada alikuwa analenga shabaha. Watu wakisikia hivyo wanafikiria uwindaji au uaskari. Ni mchezo. Unalala kifudifudi kwenye mkeka, karatasi iko mbali huko, mita mia sita, na unatakiwa kutoboa katikati. Aliingia kwenye klabu moja nje ya Arusha kama mpishi. Siku moja mwanachama mmoja akamwachia apige kwa utani, na utani ukaishia pale pale. Toka hapo alikuwa akimaliza kuosha vyombo anaenda kulala kwenye mkeka.

Shida ni kwamba bunduki ilikuwa ya klabu. Sasa klabu ilikuwa inachagua timu ya kwenda kushindana nje, na ile bunduki wakampa mwanachama mwingine aifanyie mazoezi. Dada akaambiwa mwenye bunduki yake atajaribiwa, asiye nayo asubiri. Kwa hiyo akaamua kuunda yake. Kibali alikuwa nacho. Fundi mwenye leseni pale mjini alikuwa ameshamtafutia mtutu mzito, amefufua bolti ya bunduki ya zamani, ameweka kifyatulio chepesi, na kitako amekichonga mwenyewe kwa mbao ya mninga. Ilibaki darubini ya kulengea na pete za kuifungia juu ya mtutu. Za Arusha zilikuwa bei ya kununulia ng'ombe na zizi lake.

"Mdogo wangu, si huko ndiko zinakotengenezwa?"

"Huku kinatengenezwa kila kitu, dada. Ukisinzia hata wewe wanakutengeneza."

"Nisikilize basi. Usiniangalizie ukubwa, wala kung'aa. Risasi ikienda mbali inashuka, kwa hiyo nikipiga mbali nazungusha kifundo cha juu na ule msalaba wa ndani unasogea. Nikirudi karibu, nakirudisha. Sasa kikirudi, msalaba urudi pale pale ulipokuwa. Usiporudi pale pale, hata kama naona vumbi la mwezini, siitaki."

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa kwa masikio. Mikono ndiyo ilikuwa bado ya kibiashara.

Wakati huo nilikuwa nanunua nguo za kike kwenye majengo ya jumla ya Zhanqian, na jinzi kule Xintang, napeleka Arusha. Kichina changu nilikiokota sokoni kimoja kimoja. Sikufundishwa na mtu. Kazi niliyokuwa naijua kuliko zote ilikuwa kushusha bei. Naweza kusimama mbele ya laoban, yaani bosi wa duka, tukapokezana kalkuleta mpaka yeye achoke, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimeanza.

Nikapata duka la darubini na kamera kwenye ghorofa moja. Laoban alikuwa mama wa makamo anayekula mbegu za alizeti. Akanitolea darubini moja ndefu kama mkono, nyeusi, kioo chake cha mbele kikubwa kama kikombe. Akaandika bei. Nikaandika yangu. Akacheka, akatema ganda, akaandika nyingine. Nikajifanya naondoka. Akaniita. Mwisho akasema sawa, haraka haraka, akaingia nyuma kuniletea iliyomo kwenye boksi. Ile haraka yake ndiyo ingepaswa kunishtua. Mimi nikashuka ngazi natembea kama nimeshinda uchaguzi.

Kesho yake nilikuwa na safari ya Xintang kukagua oda ya jinzi. Sisi jinzi huwa hatuziamini kwa macho. Tunachukua moja, tunaifua, tunaikausha, tunaipima, tunaifua tena. Ikirudi na kipimo kile kile, ndiyo. Ikisinyaa, mzigo hautoki. Nikiwa pale kiwandani nasubiri suruali yangu ikauke, nikajiambia kwani hii darubini si jinzi tu? Nayo niifue.

Meza ya kukatia nguo pale ni ya chuma, ndefu, hata ukiisukuma haitikisiki. Nikamwomba fundi wa mashine jiriwa. Tukaibana darubini kwa vipande vya jinzi ili isichubuke, tukaielekeza dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jengo lililobandikwa vigae vyeupe toka chini hadi juu, vile vidogo vya bafuni, maana majengo mengi ya huku yamevikwa hivyo. Lilikuwa kama karatasi ya hesabu. Nikaweka msalaba kwenye kona ya kigae kimoja chini ya kiyoyozi. Nikazungusha kifundo cha juu, tik tik tik, msalaba ukapanda vigae. Nikazungusha cha pembeni, ukaenda kulia. Nikarudisha cha juu, ukashuka. Nikarudisha cha pembeni.

Haukurudi kwenye kona. Ulikuwa umekaa katikati ya kigae cha jirani, umetulia, kama hakuna kilichotokea.

Nikarudia. Safari hii ukaenda kukaa kwingine kabisa. Mabinti wa cherehani walikuwa wameshajipanga nyuma yangu wanataka kuchungulia, wanacheka, mmoja anamwambia mwenzake kuna chupi zimeanikwa dirishani. Mimi sicheki. Nilikuwa naiona mita mia sita ya dada yangu, karatasi iko kule, risasi imekwenda kwa jirani.

Nikarudi mjini na lile boksi nikiwa nimewaka. Laoban akanisikiliza nikimaliza Kichina changu chote, na Kiswahili nikamwongezea. Akaendelea na mbegu zake. Kisha akachukua kalkuleta, akaandika ile bei yangu, akaigonga kwa ukucha, akaonyesha darubini. Akaandika bei yake ya kwanza, akaonyesha nyuma ya duka. Kubadilisha? "Meiyou." Hakuna. Nikamwambia asubiri aone. Hata mimi sikujua aone nini.

Kwenye ngazi nikakutana na mama mmoja wa Lubumbashi, mteja wa vitenge na viatu, ambaye nilimzoea kwa sababu tulikuwa tunasali naye Jumapili. Alikuwa ananiita petite, yaani mdogo kwa Kifaransa, na mimi namwita Mama. Nikammwagia yote pale pale.

"Petite, ulishusha bei ya kitu ya kuonea?"

"Mama, amenidanganya."

"Hapana. Alikupatia kitu ya bei yako. Weye ulisema suruali ya bei ile, akakushonea suruali ya bei ile." Akakaa kwenye ngazi, akaweka mifuko yake chini. "Minakuuliza. Hawa watu ba kiwanda bakikupatia sampo, ulishaona sampo mubaya?"

"Sijawahi."

"Na mzigo ikifika?"

Kila mfanyabiashara wa Guangzhou ana hicho kidonda. Sampo ni suruali moja unayopewa uione kabla ya kuweka oda: nzito, mshono umenyooka, zipu kama ya gari. Kontena likifika nyumbani, suruali zimekuwa nyepesi kama leso. Ndiyo maana tunaweka saini kwenye sampo na kuifunga kwenye mfuko, tuje tugombane vizuri.

"Eh bien," akasema Mama. "Dada yako anataka kontena?"

"Anataka moja."

"Basi mutafutie sampo. Ile bizness inatuibia sisi, mara moja ikusaidie weye."

Nilitaka kumbusu. Maonyesho makubwa ya Pazhou ndiyo kwanza yalikuwa yamefunguliwa. Kule viwanda vyenyewe vinapanga bidhaa zao kwenye vibanda, kumbi hazina mwisho, na kila kilichopo mezani ni sampo. Nikatembea mpaka miguu ikawa ya kuazima, nikapata kibanda cha kiwanda cha darubini. Aliyekuwepo ni binti wa umri wangu, suti nyeusi, viatu ameshavivua chini ya meza.

"Unataka vipande vingapi?"

"Kimoja."

"Elfu moja?"

"Kimoja. Cha dada yangu. Analenga shabaha, ana kibali, na oda sitakuletea, nakwambia ukweli."

Akaniangalia kama nimemwomba figo. Lakini akanipa niishike. Haikuwa ndefu wala haing'ai. Nilipozungusha kifundo, kila tik ilikuwa inasikika kidoleni kama kufunga kitasa. Akaniambia kabla ya kufunga maonyesho hawaruhusiwi kuuza. Ila siku ya mwisho kiwanda hakitaki kubeba sampo kurudi nazo, kwa hiyo wanaziachia. Anaweza kuniwekea? Hawezi. Atakayewahi ndiye atachukua.

Zile siku katikati nilikuwa sifai. Dada akapiga, akauliza mara moja tu, "vipi?" Nikamwambia iko kwenye mstari. Akasema fundi ameshamaliza kila kitu, bunduki imekaa pale haina jicho, na siku ya majaribio haisogezwi. Kisha akakata. Kwa dada, hiyo ni hotuba.

Siku ya mwisho nikawahi. Nafika kwenye kibanda, darubini yangu imeshikwa na mtu. Mtanzania mwenzangu, wa Mwanza kwa lafudhi, mnunuzi wa simu, kalkuleta mkononi. Alikuwa anaitaka akaiuze kwa watu wa uwindaji. Nikasimama pembeni naangalia kazi yangu mwenyewe ikifanywa na mwingine. Akaandika bei, binti akakataa. Akaandika nyingine, akakataa. Akaiweka chini, akakunja uso, akaondoka polepole. Nilimjua kabisa anachofanya. Alikuwa anahesabu hatua akisubiri kuitwa.

Binti alikuwa bado hajamwita. Nikasogea, nikauliza bei, akaitaja ile ile. Ulimi wangu ulikuwa umeshajikunja kusema ghali. Nikaumeza. Nikalipa yote, na pete mbili juu yake, zilizochongwa kwenye chuma kimoja, nazo bei aliyotaja. Sikuwahi kufanya hivyo Guangzhou nzima, hata kwenye maji ya kunywa.

Mtu wa Mwanza akarudi.

"Dada, hiyo nimeshaongea naye."

"Umeongea, kaka. Mimi nimelipa."

"Kiasi gani?"

"Alichotaja."

"Chote? Hukushusha hata kidogo?" Akanitazama kwa huruma kabisa. "Basi wewe si mfanyabiashara."

"Leo siyo."

Nikapanda metro hadi mjini, nikaunga basi, nikaenda moja kwa moja Xintang nimeibeba mapajani kama mtoto mchanga. Meza ile ile, jiriwa ile ile, dirisha lile lile. Mabinti wa cherehani wakaacha kazi. Msalaba kwenye kona ya kigae chini ya kiyoyozi. Juu. Kulia. Chini. Kushoto. Ukarudi kwenye kona. Nikarudia mpaka vidole vikauma, nikauzungusha mbali zaidi, nikaigonga ubavuni kwa kiganja, nikarudia. Kona. Fundi wa mashine akachungulia, akaguna, akasema kitu ambacho nilikielewa kuwa ni sawa. Nilivyo mimi, nililia kidogo, nikasema ni vumbi la jinzi.

Dada ana shingo ndefu, na alishalalamika kwamba kitako kiko chini mno kwa shavu lake. Kwa hiyo nikamchorea binti mmoja wa cherehani kimto cha kufunga juu ya kitako. Akakishona kwa mabaki ya jinzi nzito, uzi wa rangi ya machungwa, mshono mara mbili kama mfuko wa nyuma wa suruali. Nikavifunga vyote pamoja na risiti na nakala ya kibali. Vikaondoka na mama mmoja wa Moshi aliyekuwa anarudi nyumbani, dada akaenda kumpokea uwanja wa ndege na makaratasi yote mkononi.

Halafu kimya. Nikawa nagombana na watu wa Zhanqian kwa mambo ambayo hata hayakuwa na maana.

Alipopiga, nilikuwa nimekaa juu ya marobota.

"Ile stika hujaitoa," akasema.

Nilikuwa nimeisahau. Ubavuni mwa darubini kiwanda kilibandika stika nyekundu yenye herufi za Kichina, maana yake sampuli.

"Itoe basi. Majaribio ni lini?"

"Yamepita. Jana." Mimi nusura niingie kwenye simu. "Niliiacha. Wakaniuliza imeandikwa nini, nikawaambia ulivyoniambia, sampuli. Yule waliyempa bunduki ya klabu akasema, mama, umekuja kwenye majaribio na sampuli?"

"Jina lake nani, dada? Nipe jina lake."

"Tulia. Nilianza karibu, nikaenda mita mia sita, nikarudi karibu, nikaenda tena mia sita. Upepo ulikuwa unatoka mlimani. Matundu ya mia sita, ya safari ya kwanza na ya pili, unayafunika yote kwa kisahani cha chai."

Nikaunganisha vidole hewani, nikakipima hicho kisahani.

"Wamesema niende," akasema. "Yule yule aliyenicheka akaja kuiangalia, akauliza naweza kumpatia kama hii. Nikamwambia hii ni sampuli."

"Na mzigo je, ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mzigo uko kwa mdogo wangu, na huyo ukitaka kushusha bei, jiandae."