Mama Aliyezishuku Kamba za Madirisha Yetu

Taarifa ya kifo chake niliikataa mara ya kwanza. Ililetwa na simu, na mimi siziamini habari za simu, hasa zile zinazomalizia kwa "tuma kwa wengine". Hapa Doha nimewahi kumlilia mtu asubuhi, na jioni nikakutana naye sokoni akibonyezabonyeza nyanya. Kwa hiyo nikampigia jirani, naye akanyamaza kidogo kabla ya kusema, "Ni kweli, ndugu yangu. Ametuacha." Kule kunyamaza ndiko kulikoniaminisha. Maradhi yalikuwa mafupi tu, na yule mama Mkenya tuliyeishi naye ua mmoja kule Al Wukair, karani katika ofisi moja ya Al Sadd, mke wa dereva na mama wa binti mmoja, akawa ametangulia. Msomaji wangu, sitakudanganya kwamba alikuwa rafiki yangu. Nilimjua kwa sababu ya dirisha langu.

Mke wangu alipojifungua, wageni walikuja kuona mtoto, kama ilivyo desturi yetu popote tulipo. Mnajua mambo yanavyokwenda. Mgeni ananawa mikono, anampakata mtoto, anasema kafanana na babake hata kama hajafanana na mtu yeyote, anakunywa chai, anaacha nepi, anaaga. Hakagui nyumba. Huyu alinawa mikono, ndiyo, na alipoingizwa chumbani alikolala mtoto akamtupia jicho moja tu, kisha akaenda moja kwa moja dirishani na kuanza kupapasa kamba ya pazia. Lilikuwa pazia la vibao, lile la kupandisha na kushusha kwa kuvuta kamba, tulilolikuta humo siku tuliyohamia. Kamba yake ilining'inia kama kitanzi, na chini yake ndipo tulipokiweka kitanda cha mtoto.

"Shem, mbona kitanda mmekiweka hapa?"

"Upande ule AC inampuliza," nikamjibu. "Tunaogopa nimonia."

"Na hii kamba nayo, hamuiogopi?"

"Kamba ina nini?"

"Leo haina kitu. Ngoja huyu aanze kusimama."

Akafungua mkoba wake, akatoa mkasi na kulabu za kubandika ukutani. Nikasema moyoni, haya, ndiyo hayo! Maana katika mji huu Mkenya mwenzako akikutembelea bila kualikwa, na mkoba ni mnene, ujue kuna sabuni ya miujiza humo ndani, au kuna biashara ya kuleta watu watatu nao walete watu watatu. Nikaona nisizunguke mbuyu. "Dada, kwani unauza nini?" Mke wangu alinikazia macho. Mgeni wala hakukasirika. "Tufunge kwanza, shem," akasema. "Maswali baadaye." Akakikata kile kitanzi, kamba ikawa nyuzi mbili, akaziviringa kwenye kulabu juu kabisa, mahali ambapo hata mimi naufikisha mkono kwa shida. Akatusogezea kitanda hadi ukuta wa pili, akaugeuza mdomo wa kiyoyozi utazame dari. Ndipo akampakata mtoto na kusema kafanana na babake.

Nilingoja bei. Haikuja. Na kwa mtu wa tabia yangu, kitu kisichokuwa na bei kinatisha zaidi kuliko cha bei kali. Wala sikuwa peke yangu. Ua wetu ulikuwa na nyumba kubwa zilizokatwakatwa kwa mbao, familia hapa, mabachela pale, jambo ambalo baladia, yaani watu wa manispaa, hawalipendi hata kidogo. Sasa mtu anayepita nyumba hadi nyumba akiomba kuona madirisha, utamwitaje? Wengine walisema ni mpelelezi. Wengine, Wakristo na Waislamu bila kubaguana, walisema ana jicho baya, na wakaanza kuwafunika watoto wao kila aliposikika akibisha hodi. Na wale waliomhurumia wakavumisha kwamba alizika mtoto huko nyuma, kwamba kamba ilimnyonga, na tangu hapo akili haijamtulia. Mimi nami niliuamini uvumi huo. Ulikuwa na mantiki. Hakuna aliyemuuliza, hata mmoja.

Siku moja nilimpa lifti kutoka Al Sadd, akaniomba tupitie duka moja la mapazia. Muuzaji alikuwa mchangamfu, akatuonyesha pazia la kila rangi. Mama akamuuliza kama analo lisilokuwa na kamba ya kuning'inia, kwa sababu ya watoto. Muuzaji akacheka, akapunga mkono. "Mafi mushkila, mama, mafi mushkila!" Hakuna shida. Mama akamshukuru kwa adabu zote, akatoka mikono mitupu. Garini akaniambia, "Shem, mimi nikiambiwa mafi mushkila mara mbili, najua mushkila iko." Nilicheka mpaka nikakosa njia ya kutokea. Lakini maneno yale niliyabeba, maana yalikuwa ya mtu wa ukoo wangu. Kumbe kuna mwingine asiyeaminiamini!

Binti yangu alianza kusimama mwaka huohuo. Alasiri moja nilikuwa nakunja nguo, yeye anacheza juu ya kitanda chetu sisi wakubwa, ambacho kichwa chake kilikuwa karibu na dirisha. Nikageuka nikamwona ameshika ukingo wa dirisha, kasimama kwa vidole vya miguu, mkono juu, anaitaka ile kamba iliyofungwa juu kwenye kulabu. Hakuifikia. Akalia kwa hasira, kile kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu chake. Mimi nikakaa chini sakafuni. Alipokuja mama yake kuuliza mtoto analilia nini, nikamwonyesha kulabu kwa kidole.

Tangu hapo nimefikiri sana kuhusu shuku zetu sisi watu wa ugenini. Tunamshuku dalali, mwajiri, mpangaji mwenzetu, mgeni mwenye mkoba. Tunaushuku upepo wa kiyoyozi, tukawahamishia watoto wetu wote chini ya madirisha. Lakini kitu tulichokikuta ndani ya nyumba, kimefungwa na fundi, kina rangi nzuri, hicho hatukishuku kamwe. Tunadhani kama kingekuwa na hatari kuna mkubwa fulani angekwisha kukiondoa. Nani huyo? Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tuliambiwa, tukamtazama aliyetuambia.

Ijumaa asubuhi tulikusanyika kwa maombi katika nyumba ya jirani mmoja hapohapo uani. Watu walijaa hadi kizingitini. Binti yake akasimama kuzungumza, msichana mrefu, sauti ya mama yake kabisa. Akashukuru watu, kisha akasema: "Nimesikia mkinong'ona kuhusu mtoto wa mama aliyekufa kwa kamba. Ni mimi. Sikufa. Nilikuwa nimepanda kochi, nimejivisha kitanzi shingoni, nacheka, nataka kuruka. Mama alikuwa jikoni anachuja wali. Alikuwa akisema kwamba alisikia nyumba imenyamaza, akaushuku ule unyamavu, akaja mbio. Basi. Hakuna kilichotokea." Akaketi.

Nilitarajia kilio. Badala yake nikasikia mnong'ono nyuma yangu: "Kwani hakuna mtoto aliyekufa? Sasa kelele zote zile zilikuwa za nini?" Mtu huyo alikuwa kama amedhulumiwa. Nikawaka moto. Nikataka kugeuka nimjibu, na nilipogeuka ndipo nikaona jambo lingine. Karibu na ukuta, mbali na baridi ya kiyoyozi, kina mama walikuwa wametandika godoro la watoto. Wawili walikuwa wamelala. Wa tatu alikuwa amesimama, ameegemea dirisha, na kamba ya pazia imo mkononi mwake, anaichezea karibu na kidevu.

Niliruka miguu ya watu. Nikamnasua mtoto taratibu asishtuke, nikamkabidhi kwa mama yake, nikavuta kiti, nikapanda na viatu vyangu katikati ya maombi. Wimbo uliokuwa ndio kwanza umeanza ukafifia. Sikuwa na mkasi wala kulabu, nikaivuta kamba yote juu na kuifunga fundo kwenye fimbo ya pazia. Chini yangu nikasikia mwanamke akimuuliza mwenzake, "Huyu naye anauza nini?"

Tushukiane, msomaji, sikukatazi; mimi mwenyewe sitaacha. Ila kamba ikiwa karibu na shingo ya mtoto, tusingoje kwanza iwe na kaburi ndipo tuiamini. Yule mwanamke akarudia swali lake, safari hii kwa sauti, akinitazama mimi. Binti wa marehemu ndiye aliyenijibia, kutoka mbele, macho yamemjaa machozi: "Mwacheni afunge kwanza. Maswali baadaye."