Albamu ya Kumi na Moja

Nilisikia kwanza viti. Viti vya plastiki vikiburutwa kwenye saruji ya veranda, kimoja, cha pili, cha tano, na kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho sikuona anayeviburuta, ila mtu aliyekulia huku kwetu hahitaji kuambiwa maana ya viti vingi vikiburutwa kwa haraka mchana. Nikajiambia, maskini, kuna mpangaji mwenzangu kwenye ploti amefiwa. Aibu ninayotaka kuwaeleza (na mkicheka, chekeni polepole, bado sijapona) ni kwamba mfiwa nilikuwa mimi.

Nilihamia Nyanchwa, chumba kimoja chini ya kilima, ili nimalize riwaya yangu ya pili, na baada ya miezi saba nilikuwa na kurasa tisa na jirani mmoja aliyejua jina langu. Kikundi chetu cha waandishi pale mjini Kisii, watu sita wenye maneno mengi, tulikuwa tumekubaliana kwamba mwandishi asiyesikiliza muziki mzuri ataandika sentensi zisizo na mdundo, kwa hivyo tukatengeneza orodha ya albamu ishirini zilizosifiwa duniani, za kila aina, kila Jumamosi kila mtu asikilize moja, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, kisha aandike ukurasa wa alichohisi na kuutuma kwenye kikundi cha simu. Wiki ya kwanza tulituma wote sita. Ya tatu tulikuwa wawili. Kuanzia ya tano nilikuwa nikituma peke yangu, naona tiki mbili za bluu, na kimya.

Niliendelea (ningefanya nini kingine Jumamosi?). Katika albamu ya jazi tarumbeta ilizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye chumba cha pili anayeongea na mwenzake, nikaandika kwamba ni kazi bora, ila ukweli ni kwamba nilihisi sikualikwa. Rumba ya Kongo ilinisimamisha, magitaa mawili yakiitikiana kwa upendo mpaka nikacheza na ufagio, kisha nikajiona kwenye kioo cha dirisha nikaketi. Taarabu ilianza na vinanda vya muda mrefu hivi kwamba maharagwe yangu yaliiva kabla bibi hajafungua kinywa, na alipokifungua alikuwa akimsema mtu, na kwa kuwa chumbani nilikuwa peke yangu nikajua ni mimi. Ile ya okestra nililala, nikaamka, nikaandika ukurasa mzima wa sifa. Metali, zile kelele za magitaa ya umeme, niliipenda, jambo lililonishtua, kwa sababu ilinguruma kama mashine za kiwanda cha majani chai jirani na kwetu Gesima. Kisha ikaja rege, na besi yake ikatikisa vifuniko vya sufuria za Mama Kwamboka upande wa pili wa ukuta, naye akaja mlangoni mikono ina unga.

"Nyakundi, huyo mtu wako anaimba ama anabomoa nyumba?"

Nikaomba msamaha, nikateremka mjini siku hiyohiyo, nikanunua spika ndogo zile za kuziba masikio, zenye waya. Uamuzi mdogo tu, wa kutafuta amani. Balaa lote lilitoka hapo, kwa sababu mtu aliyeziba masikio hasikii sauti yake mwenyewe.

Albamu ya kumi na moja ilikuwa ya kantri. Nilikuwa nimeisukuma chini ya orodha kwa dharau, kwani kantri kwetu si kitu cha kugundua, iko kwenye redio ya kila boma. Mama alikuwa akifunga redio ndogo kwenye ukingo wa kikapu chake cha majani chai, anachuma huku akiimba Kiingereza asichokijua, na lile gitaa linaloteleza linateleza pamoja naye mpaka mwisho wa mstari. Alikufa miaka mitatu iliyopita. Mimi, mwandishi wa familia, nilipewa kazi ya wasifu wa marehemu, na niliifanya hasa: asubuhi ya mazishi, watu wakichimba kaburi, mimi nilikuwa nikirekebisha koma. Nikausoma kwa sauti tulivu, watu wakasema kijana huyu ana lugha. Sikulia. Dada yangu Moraa, aliyemwuguza mama mpaka mwisho, aliniangalia siku ile mpaka nikakunja karatasi, na tangu hapo tunapigiana simu Krismasi tu.

Sasa Jumamosi yenyewe. Majirani zangu karibu wote ni Wasabato, nami nikajua ploti ni tupu, watu wako kanisani mpaka jioni. Nikalala chali, nikafumba macho. Wimbo wa nne. Gitaa likateleza, na mwimbaji, mzee mwenye sauti ya changarawe, akavuta pumzi kabla ya kuimba, pumzi tu, na mama alikuwa akivuta pumzi vilevile kikapu kinapomlemea. Nikaanza kulia. Masikioni mwangu kilikuwa kilio cha kiasi, machozi ya mtu aliyesoma. Nje, nilivyoambiwa baadaye, nilikuwa nikipiga mayowe ya kumwita mama, na mvua (ambayo pia sikuisikia) ilikuwa imewarudisha watu mapema kutoka kanisani, wote wamesimama verandani na Biblia zao wakinisikiliza. Kisha spika moja ikachomoka sikioni, nikasikia viti.

Mama Kwamboka aliingia bila kubisha.

"Nyasae one, Mungu wangu! Ni nani, mwanangu?"

"Mama," nikasema.

"Leo?"

Hapo. Hapo ningeweza kusema hapana, ni miaka mitatu, nilikuwa nasikiliza albamu. Lakini alikuwa ameshanishika mkono, na katika miezi saba hakuna mtu aliyekuwa amenigusa isipokuwa kinyozi akinigeuza kichwa. Nikaitikia kwa kichwa.

Chumba kilijaa. Mtu akanitupia blanketi mabegani, mwingine akaosha vyombo vyangu vya siku tatu, themosi ya chai ikaja, na Shemasi Mogaka, mzee anayesimamia maombi ya ploti nzima, akaomba kwa muda mrefu akimtaja mama yangu kana kwamba alimjua. Wakaimba. Wakapanga nitakula kwa nani mpaka Jumatano. Mama Kwamboka akatangaza kwamba sitaachwa peke yangu hata dakika moja, na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya matanga yale ya uongo nilikuwa na furaha.

"Tuwapigie watu wa nyumbani tuwape pole," shemasi akasema, akaichukua simu yangu mezani, akachomoa ule waya, na muziki ukalipuka chumbani. Watu wakatazamana.

"Ni wimbo alipenda marehemu?" Mama Kwamboka akauliza.

"Sana," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

"Basi wacheni uishe."

Watu kumi na wawili wenye nguo za kanisani wakasikiliza kantri, wameinamisha vichwa. Shemasi alikuwa ameiinua simu juu kama taa.

"Huyu mzee analia kama mtu ameibiwa ng'ombe," akasema. "Lakini anajua kulia."

Katika albamu zote kumi na moja, huo ndio wimbo pekee niliousikiliza pamoja na mtu.

Ulipoisha, akatafuta jina la Dada Moraa, akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Dada, hapa ni majirani wa ndugu yako Nyanchwa. Poleni sana kwa kumpoteza mama."

"Mama nani?"

"Mama yenu. Leo."

Kuku akalia upande wake, kule Gesima.

"Mama yetu tulimzika, mwaka wa tatu huu," Moraa akasema polepole. "Huyo Nyakundi ndiye alisoma wasifu. Yuko hapo?"

Shemasi hakunipa simu. Aliishika tu mbele ya uso wangu.

"Nyakundi. Mama amekufa mara ngapi?"

"Nilikuwa sijamlilia," nikasema.

"Najua. Nilikuona. Ulisoma kama mtu wa taarifa ya habari."

"Nilikuwa nasikiliza kantri, Moraa."

Nikamsikia akivuta pumzi, ileile. Sikuwahi kujua kwamba yeye pia anayo. Kisha akakata simu.

Huko nyuma mtu alicheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi. "Kijana," shemasi akasema, "watu wameacha chakula mezani siku ya Sabato, kumbe unatufanya tumlilie mtu alizikwa zamani?" Mwenye blanketi akalitoa mabegani mwangu. Viti vikaburutwa tena, safari hii polepole. Mpaka leo nikipita pale stendi vijana wa boda boda huniita, "Kantri! Mama hajambo?" nami huinamisha kichwa nikapita.

Nimeapa. Albamu tisa zilizobaki nitazisikiliza sikio moja likiwa wazi, na nikiulizwa nimefiwa na nani, nitasema na lini.

Siku ile, wengine walipotoka, alibaki Mama Kwamboka, akikusanya vikombe. Hakunigombeza. Nilitaka kumwambia keti kidogo mama, zimebaki nyimbo tano, sentensi fupi tu, mimi ninayejiita mwandishi, lakini nilichosema ni, "Asante kwa chai."

Akainua themosi, akaitikisa, akairudisha mezani.

"Haijaisha," akasema. "Kesho uniletee. Uje wewe mwenyewe, usitume mtu."

(Nimtume nani?)

Akapanga vikombe kifuani, akatoka, akauvuta mlango kwa mguu, taratibu, mpaka komeo likalia.