Unga wa Mgonjwa

Mwanaasha binti Mwishehe alizaliwa Kisarawe, akaolewa kijijini Janga, na kati ya hayo mawili akajifunza pale Kibaha kupika mkate ambao hakuna mwanamke mwingine wa huku aliyeujua. Natangulia kusema hivyo kwa sababu siku hizi watu wakimtaja wanamtaja kwa msiba wake tu, nami sipendi. Mimi ni Sikuzani, jirani yake, mlango wangu unatazamana na wake. Namjua tangu alipokuwa mtu wa kucheka hovyo.

Miaka michache baada ya Uhuru, wageni walipokuja Kibaha kufundisha akina mama ulezi wa watoto, Mwanaasha aliajiriwa jikoni kwa muuguzi mmoja wa Kiingereza aliyeitwa Bibi Hilda. Bibi huyo chai ya asubuhi haikumpita kooni bila mafini. Mafini ni mikate midogo ya duara, unene wake kama vidole viwili, ya unga wa ngano uliokandwa laini kwa maziwa na kuachwa uumuke. Ukishaumuka unakatwa kwa kopo la maziwa lililotobolewa pande zote mbili, unanyunyiziwa chenga za mahindi juu na chini, kisha unalazwa kwenye chuma kikavu, bila tone la mafuta, juu ya moto mdogo. Hapo kwenye moto ndipo tulipokuwa tunashindwa sisi wengine. Ukiuchochea, mkate unaungua nje na ndani unabaki mbichi. Mwanaasha alikuwa akikaa mbele ya jiko na mkono mmoja shavuni, anausikiliza ule mkate, huku sisi tumekwisha kuchoka na kwenda zetu. Na kisu hakikuruhusiwa. Fini inapasuliwa kwa vidole, ili ndani ibaki na vishimo vishimo vya kunywa siagi.

Dereva wa mradi wa wageni wale alikuwa Hemedi, mtu wa Janga, mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Kila asubuhi aliegesha gari karibu na dirisha la jikoni, anajidai anaangalia maji ya injini. Mwanaasha akimpa fini iliyobaki, anakula amesimama. Mimi nilikuwa nikimtania shoga yangu kwamba Hemedi alioa mafini, yeye akaja kama nyongeza. Alikuwa akicheka sana nikimwambia hivyo.

Bibi Hilda alirudi kwao, mradi ukabadilika, Hemedi akaachishwa udereva na kurudi kwenye shamba la baba yake. Ilipokuja ile operesheni ya kuhamia vijijini, tulisogezwa sote tukae karibu karibu, na ndivyo milango yetu ilivyokuja kutazamana. Hemedi akalima mihogo. Binti yao Kidawa akakua, akaolewa Kisarawe kwa wajomba. Mafini yalipikwa Idi na Maulidi, na asubuhi nyingine wakati unga unapatikana. Siagi hatukuwa nayo, tulipaka samli au asali. Yalikuwa maisha, hatukulalamika kuliko wengine.

Kisha Hemedi akaugua tumbo. Ugali haukukaa, uji wa makopa haukukaa, wali ulikaa siku mbili ukagoma. Daktari alisema ale vyakula laini, lakini mwaka ule wa themanini na tatu ungemwambia nani chakula laini? Dukani palikuwa na chumvi na viberiti, mara nyingine viberiti peke yake. Kitu kimoja tu kilikaa tumboni mwa Hemedi, nacho ni mafini, yamechovywa kwenye chai ya maziwa. Mdogo wake Mwanaasha, jina lake Maneno, alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha unga Dar es Salaam, na wafanyakazi waliuziwa unga kidogo kidogo. Maneno alikusanya wake na wa wenzake, akaleta nusu gunia. Ulikuwa unga wa halali kabisa, ila karatasi ya kuthibitisha hivyo haikuwepo. Shoga yangu aliuweka uvunguni mwa kitanda cha mgonjwa.

Ndipo Hemedi akaanza kurudiwa na nguvu. Mwanaasha alikuwa anapika machache kila alfajiri na kubakiza donge la unga uliochacha kwa ajili ya kesho, maana hamira ilikuwa hadithi. Mwenyewe hakuonja. Unga wa mgonjwa huu, alisema, mimi nina meno ya kutafunia mihogo. Hemedi akaanza kukaa nje barazani, akaomba shati lake la udereva, akauliza habari za shamba.

Aliyekuwa akija kumjulia hali kila asubuhi ni Saburi, balozi wetu wa nyumba kumi. Saburi na Hemedi waliingia jandoni siku moja, na kwa watu wa huku hilo ni zaidi ya undugu. Alikuja na maneno ya utani, anakaa kwenye mkeka, na Mwanaasha anampa fini moja na chai, kwa sababu mgonjwa alikuwa anakula vizuri akiwa na mwenzake. Hilo nililiona mwenyewe na sikuliona vibaya. Mtu akila na rafiki yake anasahau kwamba anaumwa.

Mwaka ule ndipo ulipoanza msako wa wahujumu uchumi. Redio ilitangaza asubuhi na jioni. Tukasikia watu wa Mlandizi wanatupa sabuni na sukari mtoni Ruvu, wengine wanamwaga mafuta ya taa vichakani, wakiogopa kukutwa navyo. Wenye maduka walijulikana waliogopa nini. Sisi wa mihogo tuliogopa tu kwa kuona wengine wanaogopa.

Siku moja Saburi alirudi kutoka mkutano wa mabalozi Mlandizi, akapitiliza kwake, akaja moja kwa moja uani kwa Mwanaasha. Mimi nilikuwepo, napepeta mchele kidogo niliokuwa nao. Alikuwa na jasho na hakutania.

"Shemeji," akasema, "kesho kutwa mgambo wanaingia kijijini. Nyumba kwa nyumba. Atakayekutwa na unga wa ngano atachukuliwa yeye na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko kitandani," Mwanaasha akamwambia.

"Watambeba na kitanda. Shemeji, nisikilize. Kautupe mtoni kama wenzako."

Mwanaasha akasimama. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile. "Unga wa mgonjwa nikawape mamba, Saburi? Wewe unayeula kila siku ndiye unayeniambia hivyo?"

Saburi akainamisha kichwa. "Kwa sababu ninaula, shemeji. Wakiuliza kama balozi alijua, nitasema nini?"

Nilimwambia shoga yangu auzike shambani kwenye debe. Akasema masika imeanza, utaoza kabla ya wiki. Nikamwambia autume kwa Kidawa Kisarawe. Akasema mabasi yanapekuliwa. Basi akakaa chini, akafikiri, kisha akaingia ndani akaliburuta gunia mpaka uani.

"Tutaupika wote," akasema. "Mgambo wanatafuta unga. Mkate uliokwisha kuliwa hauna ushahidi."

Tulipika kuanzia asubuhi ya kesho yake mpaka alasiri. Niliazima vyuma vya chapati kwa majirani, tukawasha mafiga matatu. Donge la chachu liliingia lote, hakubakiza hata la kesho. Nilikanda mpaka mabega yakaniuma. Hemedi alikuwa ndani anasikia harufu.

"Mama Kidawa," akaita, "leo kuna harusi ya nani?"

"Ya kwako," mkewe akajibu. "Lala."

Baadaye nilimsikia akimweleza ukweli kwa sauti ya chini. Hemedi akasema, "Hakuna neno. Wape na watoto wa Telesphory, wamekonda." Telesphory alikuwa jirani yetu kutoka bara, mwenye watoto wengi.

Tukagawa nyumba zote kumi. Mwanaasha alisema ikiwa wote wamekula, hakuna atakayemchongea mwenzake, na kweli hakuna aliyetia neno. Watoto walikimbia na mafini mikononi, wakubwa wakala wamesimama milangoni, mimi nikala matatu, na tamu yake siwezi kuikana. Kikapu kimoja kikabaki cha mgonjwa. Mwanaasha aliyakausha juani ili yakae.

Jua la masika mnalijua. Siku ya tatu mvua ilinyesha mpaka jikoni, na baada ya siku chache mafini yakaota ukungu wa kijani. Mwanaasha aliukwangua kwa kucha, akapasua, akachovya kwenye chai. Hemedi akala, akatapika. Kikapu kikaenda kwa kuku.

Na mgambo hawakuja. Kesho kutwa ilipita, wiki ikapita. Walikuja Mlandizi, wakaingia kwenye maduka, wakaondoka na watu wawili. Barabara ya Janga hawakuikanyaga.

Maneno alitumiwa salamu alete unga mwingine, akajibu kwamba kinuni sasa wanapekuliwa getini na hathubutu hata kutoka na vumbi la unga kwenye viatu. Majirani hawakututupa. Mmoja alileta mayai, mwingine ndizi, Adventina mke wa Telesphory alileta maziwa ya mbuzi. Hemedi alishukuru kila mtu na chakula hakikukaa. Siku moja Mwanaasha alichukua unga wa muhogo, akaukanda, akaukata kwa kopo lile lile na kuuweka kwenye chuma. Ulimeguka vipande. Alimpelekea hivyo hivyo. Hemedi akala kipande, akakishikilia mdomoni muda mrefu, akasema, "Umeweza, mama Kidawa. Ni yenyewe." Mwanaasha alitoka nje akaja kulilia kwangu, si kwake, ili mume asisikie.

Hemedi alifariki siku chache kabla ya Ramadhani. Sijui kama unga ungemponya. Daktari hakujua, na mimi sina elimu hiyo. Najua kwamba alikuwa anakaa barazani na shati lake, kisha hakukaa tena. Matangani watu walikula ubwabwa uliokuwa na mchele kidogo na nazi nyingi, na mama mmoja, namstahi jina lake, akamgeukia mjane na kumwambia, "Yale mafini yako, dada, yalikuwa matamu, mpaka leo watoto wanayaulizia." Alitaka kumfariji. Nilitamani kumziba mdomo kwa kanga.

Mwanaasha alikaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, hakuna mwanamume asiye wa damu yake aliyeingia. Saburi alikuwa akipita barabarani, anasimama, anasalimu ukuta, anaondoka. Nilidhani ni huzuni tu.

Wiki ile aliyotoka eda, duka la kijiji lilipata unga wa ngano, kila nyumba kilo mbili. Saburi alikuja uani na mfuko wake. Wa kwetu tulikuwa tumekwisha kuchukua, kwa hiyo tulijua kwamba ni wa nyumba yake. Aliuweka chini, akabaki amesimama.

"Shemeji, lile la mgambo," akasema. "Mkutanoni hawakusema nyumba kwa nyumba. Walisema maduka. Mambo ya nyumba kwa nyumba niliyasikia stendi, kwa utingo wa basi."

Nikamuuliza mimi. "Na wewe balozi mzima hukuuliza mkutanoni?"

"Ningeuliza vipi, Sikuzani? Kila aliyenyoosha mkono kuuliza habari za nyumbani aliulizwa yeye, kwani kwako kuna nini? Mimi asubuhi ile nilikuwa nimekula fini. Niliona kama chenga bado ziko mdomoni. Nikaogopa. Nikakaa kimya, nikaja nikawatia hofu yangu nyinyi."

Nilimtukana. Sitayaandika hapa niliyomwambia, na sijutii. Mwanaasha aliuchukua ule mfuko wa unga, akaingia nao ndani, akafunga mlango.

Siku tatu nilimwona akichachusha unga kidogo kwa maji ya dafu, anauanika, anauchungulia. Siku ya nne alfajiri nilisikia harufu. Nikavuka. Alikuwa amekaa mbele ya jiko na mkono shavuni kama zamani, na akaniomba nikamwite Saburi.

Alikuja amevaa kanzu kama anayekwenda kuhukumiwa. Mwanaasha akamwonyesha mkeka wa barazani, upande ambao Hemedi alizoea kukaa. Saburi akataka kukaa upande wake mwenyewe. Mwanaasha akamwambia, "Hapana, shemeji. Hapo." Akammiminia chai, akachukua fini ya moto, akaipasua kwa vidole, akaipaka samli, akamwekea mbele.

"Kula."

"Siwezi, shemeji."

"Ulikuwa unaweza. Kula."

Saburi akala. Alikuwa anatafuna na machozi yanaingia kwenye chai, mwanamume mzima, na nilitaka kuangalia pembeni lakini sikuangalia. Ilipokwisha moja Mwanaasha akampasulia ya pili. Nikamwambia shoga yangu, imetosha. Yeye akangoja mpaka Saburi amemaliza, akachukua sahani.

"Umenisamehe?" Saburi akauliza.

Mwanaasha akaitazama ile sahani. "Sijui, shemeji," akasema. "Njoo tena kesho."

Akaja kesho yake. Akaja kila asubuhi, anakaa pale alipoambiwa, anakula anachopewa, mpaka zile kilo mbili zikaisha. Asubuhi iliyofuata alikuja vile vile, akakaa, na Mwanaasha akamletea chai tupu.