Kofia Yangu Kwenye Albamu ya Achieng

Jamani, leo nimejua nani aliiba kofia yangu!

Miaka ya tisini, mama alinishonea kofia ya Krismasi, nyekundu yenye maua ya kijani.
Ikapotea kanisani Ndhiwa siku ya Krismasi yenyewe.
Nililia sana. Rafiki yangu Achieng akanisaidia kuitafuta mpaka chini ya mabenchi.

Leo nimemtembelea Homa Bay. Nikafungua albamu yake.
Ni yeye, kwenye picha ya studio, amevaa kofia yangu, anacheka!

“Achieng, hii ni nini?”
“Nilitaka tu picha moja. Halafu nikaogopa kuirudisha.”
“Sasa iko wapi?”
“Niliitupa chooni.”

Mama alifariki kabla ya Krismasi iliyofuata. Achieng alijua kofia ile ndiyo zawadi ya mwisho ya mama.

Nimeacha chai yake mezani nikatoka.

Nyinyi mngemsamehe?