Gesi ya Kumrudisha Mama Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali iliyonyooshwa pasi na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha mabomba, na cheo nilichopewa kilikuwa "fundi wa nishati", maneno yaliyonivimbisha kichwa. Nilitegemea kukuta meza na boksi la spana. Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Tukuyu alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akanikabidhi ndoo, akanionyesha rundo la samadi mbichi.

"Koroga," akasema. "Samadi ndoo moja, maji ndoo moja. Kwa mkono, ili uyasikie mabonge."

"Kwa mkono, mkuu?"

"Ukiona kinyaa, panda gari uende Mbeya ukaombe kazi benki."

Nilikoroga. Jioni mama yangu alinisimamisha mlangoni, akanielekeza bombani kabla ya salamu. Vile viatu havikurudi kanisani tena.

Ninyi mliozaliwa mkakuta mitungi ya gesi madukani na sola juu ya mabati, huenda hamjui mtambo wa biogesi unavyofanya kazi. Ni jambo jepesi. Unachimba shimo, unajenga kuba la matofali chini ya ardhi, unalifunika. Mchanganyiko wa samadi na maji unaingia upande mmoja kupitia tangi la kukorogea, unaoza humo ndani pasipo hewa, gesi inapanda juu ya kuba na kufuata bomba hadi jikoni. Tope lililokwisha kazi linatokea upande wa pili, nalo unalipeleka kwenye migomba, ambayo hulipenda kuliko samadi yenyewe. Kuni hakuna, moshi hakuna. Mtambo uliojengwa vizuri haufi, na mimi nilijenga vizuri. Nalisema bila kuona haya, kwa sababu mingi bado inawaka.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Nkunga, chini ya Ofisa Mifugo, mtu mpole aliyependa ng'ombe kuliko wanadamu. Yeye alinifundisha kwamba kabla ya kupima shimo nione kwanza ng'ombe wanalala wapi. Ng'ombe anayeshinda akizurura huacha samadi njiani, na hakuna bomba linalofika njiani. Tulijenga kwa wenye mabanda tu, wengine wakanuna, wakajenga mabanda.

Kutoka hapo nikahamishiwa Matwebe, chini ya Mhandisi wa Mkoa. Huyu alikuwa na tabia moja iliyowachekesha akina mama. Akikagua mtambo alikuwa akiingia moja kwa moja jikoni, anatafuta mfuniko na kufunika sufuria ya mtu. Maharage ambayo hayajalowekwa usiku kucha aliyaita wizi. "Kuzalisha gesi ni nusu ya kazi," aliniambia. "Nusu nyingine ni kuwafanya waitumie kidogo. Usione hayo ni mambo ya wanawake, ni mambo yako." Nikaanza kubeba chupa ya chai katika mkoba wa vifaa, niwaonyeshe watu kwamba chai ikichemshwa mara moja asubuhi inatosha hadi mchana. Wenzangu waliniita Bwana Chupa, na jina hilo lilinifuata hadi Tukuyu niliporudishwa nikiwa msimamizi wa ukarabati.

Ilikuwa karibu na mwisho wa utumishi wangu. Mkuu wa Kitengo aliniita ofisini kuhusu mtambo wa Masukulu, kwa Mzee Ambakisye. Ulikuwa umejengwa na timu nyingine, ukatoa gesi wiki chache, ukazima.

"Uvivu," akasema. "Samadi imejaa bandani, tangi kavu. Nenda ukang'oe jiko na mabomba, kuna watu wanasubiri zamu yao."

Nilikuwa nimesikia habari za nyumba hiyo. Mke wa Mzee Ambakisye, Bibi Subilaga, alikuwa amepika kwa kuni za mlingoti, yaani mkaratusi, maisha yake yote, na kifua kikamshinda. Daktari alisema asikae tena kwenye moshi. Binti yao anayeishi Mbeya alimchukua, akaapa kwamba mama hatarudi mpaka jiko la kuni lizimwe kabisa. Ndiyo sababu mzee aliomba mtambo. Hakuwa na haja ya maendeleo, alimtaka mke wake. Sikuelewa mtu wa namna hiyo angekuwaje mvivu.

Nilifika asubuhi, manyunyu yakianguka. Kipimo cha presha, ule mpira mwembamba wenye maji ya rangi, kilikuwa kimelala, maana yake kuba halina kitu. Jikoni nilimkuta Atupele, mkamwana wa mzee, mke wa mwanawe Lusajo ambaye hutoka alfajiri kwenda kiwanda cha chai na kurudi usiku. Alikuwa akipuliza kuni, macho mekundu.

"Mama, mbona hamkorogi?" nikamuuliza.

"Baba yuko bandani," akajibu.

"Sawa, lakini samadi ipo, maji yapo."

"Baba yuko bandani," akarudia, safari hii akiangalia chini.

Hapo nikaelewa. Kwetu Unyakyusa tangu zamani mkamwana na baba mkwe wake hawakutani. Hawasemeshani, hawapishani njiani, akimsikia anakuja huchepuka. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo, na mimi mwenyewe mkamwana wangu hunimiminia chai akinitania kuhusu upara wangu. Lakini nyumba hii ilikuwa bado inaishika. Tangi la kukorogea lilikuwa limejengwa mlangoni mwa banda, na mzee, tangu mke wake aondoke, alishinda humo na ng'ombe kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Atupele alingoja atoke. Mzee naye, akisikia hatua zake, alijibanza nyuma ya ng'ombe wa mwisho ili mkamwana apite bila aibu, na mkamwana, akimsikia akijibanza, aligeuza na ndoo yake kupitia migombani. Kila mmoja alimheshimu mwenzake, na gesi ikafa kwa heshima hiyo.

Nilimfuata mzee, tukasalimiana, nikamweleza nilichokiona. Nikathubutu kumwambia kwamba mchungaji wao mwenyewe alishaiacha desturi hii.

"Mchungaji ni yeye na nyumba yake," akasema. "Huyu mtoto alipoingia hapa mara ya kwanza nilimpa heshima hiyo, naye akanipa. Nikimvunjia leo kwa sababu ya mavi ya ng'ombe, ataona nimemshusha."

"Basi koroga wewe mwenyewe, baba."

"Nimejaribu. Mgongo huu haunikubalii kuinama kwenye tangi. Kufagia banda naweza." Akashika mti wa banda. "Gwe fundi, mimi simwambii mtu, lakini usiku nalala vibaya. Mrudishe mama yao."

Nilirudi Tukuyu, lile jiko nikiliacha limefungwa pale pale. Mkuu wa Kitengo alinisikiliza huku akisaini makaratasi.

"Sisi ni watu wa nishati," akasema, "si wazee wa ukoo. Mbona kwako mkweo anakupikia?"

"Kwangu ni kwangu, mkuu. Naomba saruji kidogo na ruhusa ya kuhamisha tangi."

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi na alijua kwamba nikiomba saruji nina mpango. "Mvua kubwa zikiisha bila gesi, jiko linahama," akasema, akasaini.

Nilivunja sakafu ya banda nikaijenga upya kwa mwinamo, mfereji katikati, samadi ikifagiwa na kumwagiwa maji iteremke yenyewe. Mfereji ulipita kwenye tundu chini ya ukuta wa nyuma na kutokea upande wa jikoni, na huko ndiko nilikoweka tangi jipya lenye kizibo. Pembeni nikasimamisha ua wa matete hadi mlango wa jiko. Mzee angefagia upande wake na kugonga bati la banda kwa fagio akimaliza. Atupele angekoroga upande wake, atoe majani yanayoelea, maana majani huganda juu ya tope kama utando wa uji na kuzuia gesi, kisha avute kizibo mchanganyiko uingie kwenye kuba. Hawangeonana hata kidogo. Nilisimama nikalitazama tangi lile nikafurahi sana, pengine kuliko mtambo wowote nilioujenga.

Gesi ilirudi. Ndipo ikaja baridi ya Juni, na nyie wa Rungwe mnajua baridi yetu. Vijidudu vinavyotengeneza gesi huzubaa kwenye baridi kama watu, na kipimo kikaanza kushuka. Gesi ikiisha Atupele angelazimika kuwasha kuni, jiko lingejaa moshi, na binti wa Mbeya angesema mnaona. Nilimfundisha yote ya Mhandisi wa Mkoa: kuloweka maharage, kufunika sufuria, kupunguza moto chakula kikishachemka, chai kwenye chupa. Bado haikutosha. Nikakagua matumizi yao, nikagundua kwamba kilichomeza gesi kuliko ndizi na maharage kwa pamoja kilikuwa maji ya kuoga ya mzee, ambayo Atupele alimchemshia kila jioni na kumwekea mlangoni.

Niliona vibaya kumwambia. Mtu mzima, baridi ya Tukuyu, maji ya moto ndiyo anasa pekee aliyokuwa nayo. Nilimwambia hata hivyo.

"Mwambie asichemshe tena," akasema.

"Baba, utaweza?"

"Nilioga mtoni kabla hujazaliwa."

Atupele alilia nilipomfikishia ujumbe, akasema watu watamwona mkamwana mbaya. Lakini alitii, na tangu siku hiyo hakuacha hata mfuniko mmoja wazi. Mzee alioga maji ya baridi Juni yote na Julai yote, na kipimo kikasimama.

Nikiwa nafuatilia hayo, zamu yangu ya kustaafu ikafika. Kulikuwa na keki na hotuba, Mkuu wa Kitengo akasema maneno mazuri kuhusu chupa yangu ya chai. Nikaenda nyumbani na kugundua kwamba sikuwa nimemaliza kazi ya Masukulu, Bibi Subilaga akiwa bado Mbeya. Nasema haya kwa nyinyi mnaoanza kazi hii na simu zenye vipimo vya kila kitu, nami navipenda vipimo hivyo. Mtambo ni matofali na bomba, nao utakutii ukiujua. Watu wa nyumba ndiyo sehemu iliyobaki ya mtambo, na ukitaka kazi yako idumu uwachore kwenye ramani yako pamoja na kuba. Mimi nilichelewa kulijua hilo, lakini nililijua, na nimestaafu nikiwa na raha.

Agosti ilikuwa inaisha Lusajo aliponipigia simu. Dada yake, yule wa Mbeya, alikuwa amekuja kukagua jiko kwa siku kadhaa, akapitisha kidole ukutani, hakupata masizi mapya. Alikuwa akimleta mama, na mzee alitaka niwepo, ili kifua cha mke wake kikisumbua nizime gesi mwenyewe.

Bibi Subilaga alishuka kwenye gari amejifunga kitenge hadi masikioni. Alisindikizwa hadi jikoni, akaketi kwenye kigoda chake, akaangalia ule moto wa bluu kwa mashaka. "Humu ndani kuna baridi sasa," akalalamika. "Na hiyo chai haitanukia kitu." Atupele akamimina kikombe. Mzee hakuweza kuingia, mkamwana akiwa mle. Alisimama nje ya ua wa matete.

"Fundi," akaita. "Anakohoa?"

Tuliokuwa ndani tulisikiliza wote. Bibi alikuwa anakunywa. Nilimtazama Atupele, naye akanigeukia mimi, lakini akapaza sauti kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye karibu hivyo.

"Mwambie baba, mama hajakohoa. Mama ameomba kikombe cha pili."

Nilitoka nikamkuta mzee ameushika ua kwa mikono miwili, machozi yakimtoka waziwazi. Alikuwa ameshasikia kila neno, lakini desturi ni desturi, nikamfikishia ujumbe kama nilivyotumwa.

"Ndaga," akanishukuru. Kisha akaniomba nirudie.